Mwanamume Nyuma ya Mhusika wa Kike, na Mwanamke Aliyezima Maiki

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokubali kuja kusikiliza habari za gemu, dada zangu na kaka zangu wachezaji, na nyinyi mnaotengeneza gemu mliojibanza safu ya nyuma, nawasalimu.

Mada niliyopewa ni kucheza gemu kwa mhusika wa jinsia isiyo yako. Nilipowatajia watu kwamba nitaizungumzia, baadhi walicheka, wengine wakanitazama kwa jicho la pembeni. Basi nijiweke wazi mapema ili minong'ono iishe. Mimi ni mwanamume, na gemu ikinipa nafasi ya kuchagua, mara nyingi nachagua mwanamke. Sababu zangu ni za kawaida kiasi cha kuchosha, na nitazifikia. Lakini sikupanda hapa kujitetea. Nimekuja kusema kwamba swali tunaloulizana kila siku, "Kwa nini dume zima lichague mhusika wa kike?", tunamwelekezea mtu asiye na shida yoyote. Mwenye kisa ni mwanamke anayechagua mhusika wa kiume, na huyo hatumuulizi kitu.

Tutazame kwanza tulikotoka. Mashine za mwanzo hazikuwa na cha kuchagua. Pong ya mwaka 1972 ilikuwa vijiti viwili na nukta, na jinsia ya kijiti haikumkosesha mtu usingizi. Mwaka 1982 ikaja Ms. Pac-Man, duara la njano lenye utepe mwekundu kichwani na rangi ya mdomo, na wanaume kwa wanawake wakapanga foleni kuingiza sarafu. Sijawahi kusikia mwanamume aliyevutwa pembeni na jamaa zake akaulizwa kwa nini anajifanya duara la kike.

Mwaka 1986 Nintendo ikatoa Metroid. Humo unamwendesha Samus Aran, mwindaji aliyefunikwa deraya toka utosini hadi nyayoni, anayepenya mapango ya sayari yenye viumbe wa kutisha. Kijitabu cha maelezo cha toleo la Kiingereza kilimtaja kama mwanamume. Mchezaji aliyeweza kumaliza upesi ya kutosha alizawadiwa picha ya mwisho: deraya imevuliwa, na aliyesimama mbele yake ni mwanamke. Wafikirieni vijana wa wakati ule. Wamepigana, wamekufa, wamefufuka, wamemshinda adui mkuu, kisha ndipo wanaarifiwa kwamba muda wote huo walikuwa mwanamke. Hakuna aliyeugua. Waliowasha mashine upya ili wamalize kwa haraka zaidi walikuwa wengi.

Miaka kumi baadaye, 1996, studio ya Core Design ya Uingereza ikatoa Tomb Raider. Msanii Toby Gard alianza na mhusika wa kiume, mtafuta hazina, lakini akaonekana kufanana mno na Indiana Jones wa sinema, na mwishowe nafasi yake ikachukuliwa na Lara Croft. Mamilioni ya wavulana wakamshika Lara mkononi. Matangazo yaliwauzia umbo lake. Gemu yenyewe iliwapa kazi nyingine kabisa: kupima hatua kabla ya kuruka, kuvuta mabonge ya mawe, kutafuta swichi iliyofichwa, kuanguka na kuanza tena. Atakayeniambia kwamba mtoto aliyekesha akipanga miruko ya Lara alikuwa akifikiria umbo tu, basi hajawahi kuanguka kutoka kwenye ule ukuta mara ya saba mfululizo.

Sasa geuzeni upande. Msichana aliyecheza Super Mario Bros. mwaka 1985 alikuwa fundi bomba mwenye masharubu. Aliyecheza The Legend of Zelda mwaka 1986 aliona jina la binti mfalme kwenye boksi, akaingia ndani, akapewa kijana anayeitwa Link, na binti mfalme amefungiwa huko anasubiri kuokolewa. Kwenye Pokémon ilibidi asubiri toleo la Crystal la mwaka 2000 ndipo aruhusiwe kuanza safari akiwa msichana. Mpenzi wa soka alisubiri zaidi. Timu za wanawake ziliingia kwenye mfululizo wa FIFA kwa mara ya kwanza na FIFA 16, mwaka 2015, tena timu 12 za taifa tu. Na kumuunda mchezaji wako mwenyewe wa kike kwa ajili ya Pro Clubs, pale marafiki wanapounda timu moja mtandaoni, kulisubiri hadi FIFA 22.

Kwa hiyo kama tunatafuta watu wenye uzoefu mkubwa zaidi wa kucheza jinsia isiyo yao, tumewakuta: ni dada zetu, kizazi kizima. Walifanya hivyo kwa miongo, kwa sababu hawakuwa na lingine. Hakuna aliyeitisha mkutano kuwajadili. Hakuna mzazi aliyemshika binti yake mkono akamuuliza, mwanangu, mbona unakuwa fundi bomba?

Nirudi kwa wanaume, nitimize ahadi. Ukiwauliza sababu, jibu la kwanza utakalopewa, kwa kicheko, ni kwamba katika gemu nyingi kamera inakaa nyuma ya mhusika, na kama nitatazama mgongo wa mtu kwa saa arobaini, afadhali uwe mgongo ninaoupenda. Ni jibu la kweli kwa baadhi na ni ngao kwa wengine. Mwanamume akishasema hivyo mbele ya wenzake, mazungumzo yamefungwa, hakuna atakayemchimba zaidi. Nyuma ya ngao hiyo kuna sababu tulivu zaidi. Mavazi ya kike kwenye gemu mara nyingi yana aina nyingi, na kuna watu, mimi nikiwemo, tunaotumia muda mrefu kupanga nywele za mhusika kuliko kupigana. Kuna sauti: kwenye Mass Effect, iliyoanza mwaka 2007, Kamanda Shepard wa kike ameigizwa na Jennifer Hale, na kwangu mimi ile ni sauti ya mtu aliyekwisha kutoa amri ngumu maishani. Kuna anayetaka tu kuwa mtu mwingine kwa jioni moja; mwanamume anayecheza mzee mfupi mwenye shoka, au mjusi, au roboti, tayari amekwisha kuacha mwili wake mlangoni. Ajabu ni kwamba kuwa mjusi hakuulizwi.

Na wapo wachache ambao pale kwenye ukurasa wa kuunda mhusika wanagusa jambo la ndani kabisa kuwahusu wao wenyewe, jambo ambalo huenda hawajalitamka popote. Kwa hao gemu si mzaha. Nataka kusema mawili tu juu yao kisha niwaache kwa heshima yao. La kwanza, huwezi kumtambua mtu huyo kwa kutazama amechagua mhusika gani, kwa hiyo usijifanye daktari. La pili, kama yupo kwenye timu yako, dhihaka yako ya dakika moja ataibeba muda mrefu kuliko unavyodhani.

Hapa tuingie kwenye utafiti, maana upo, na una utamu wake. Mwaka 2014 Rosa Mikeal Martey na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya ndani ya World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi. Walikusanya wachezaji 375, wakawapa safari iliyotengenezwa maalumu, wakarekodi kila hatua na kila neno. Miongoni mwa wanaume, asilimia 23 walichagua mhusika wa kike. Miongoni mwa wanawake, asilimia 7 tu walichagua wa kiume.

Kilichonivutia zaidi ni walivyofanya wale wanaume. Walichagua wahusika wazuri wa sura, wenye nywele za mtindo wa kawaida wa kike. Wakichati, lugha yao iliwasogelea wanawake halisi kidogo: maneno ya hisia yaliongezeka, na alama za mshangao pia. Lakini miguu haikuwafuata. Walitembea kinyumenyume zaidi, walijitenga zaidi na kundi, na waliruka-ruka zaidi kuliko wanawake, sawa tu na wanaume waliocheza wahusika wa kiume. (Mchezaji yeyote wa gemu zile ananielewa: kuruka bila sababu, huku wenzako wanasoma maelekezo, ni dalili ya mtu aliyechoka kusubiri.)

Watafiti hawakusema wanaume wale walikuwa wakijaribu kumdanganya mtu. Mimi nasoma hivi: mdomo ni mahali tunapojidhibiti, kwa hiyo mtu akivaa mwanamke anaanza kusema kama anavyodhani mwanamke husema. Miguu hakuna anayeikumbuka. Kwa hiyo mwanamume anayecheza mwanamke hachezi mwanamke. Anacheza picha aliyonayo kichwani kuhusu mwanamke, na picha hiyo ina nywele nzuri na alama nyingi za mshangao. Kaka zangu, si lawama. Ila anayesema "nimecheza mwanamke miaka mingi, nawajua wanawake" ajue kwamba huenda anaijua tu picha aliyoichora mwenyewe.

Upo pia utafiti wa mwaka 2007 wa Nick Yee pamoja na Jeremy Bailenson, walioonyesha kwamba mwili unaopewa ndani ya mchezo unakubadilisha wewe mwenyewe: waliopewa sura nzuri walisogea karibu zaidi na mgeni na kumsimulia mengi zaidi, na waliopewa urefu walijadiliana kwa ukali zaidi kuhusu mgawo wa fedha. Waliliita jambo hilo athari ya Proteus, kwa jina la mungu wa Kigiriki aliyebadilika maumbo. Ni utafiti mzuri. Lakini unatazama kinachompata aliyevaa mwili, na mimi nadhani kitu kikubwa zaidi kipo upande wa pili, kwa wanaoutazama.

Gemu za mtandaoni zilianza kwa maandishi matupu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle waliunda MUD, ulimwengu usio na picha hata moja, na bado ulimuuliza kila anayeingia kama anataka kuwa mwanamume au mwanamke. LambdaMOO, ulimwengu mwingine wa maandishi uliofunguliwa na Pavel Curtis mwaka 1990, iliweka orodha yenye jinsia zaidi ya mbili. Mwaka 1993 mtafiti Amy Bruckman aliandika juu ya watu wanaobadili jinsia katika ulimwengu huo wa maandishi, na yaliyokuwa yakitokea wakati ule yangeweza kuandikwa leo asubuhi. Mhusika wa kike akiingia, wanaume wanamkimbilia. Wanampa vitu bila kuombwa. Wanamwonyesha njia anayoijua. Wanamfuata chumba hadi chumba. Na baada ya kumpa vile vitu, wanasubiri shukrani ya namna fulani, na isipokuja, ukarimu unageuka uchungu.

Wanaume waliocheza wahusika wa kike waliyapata haya wakashangaa sana. Nimezungumza na wengi wa namna hiyo, na husimulia kwa macho makubwa: "Nilipewa upanga wa bure! Kisha jamaa akaanza kuniuliza nakaa wapi!" Hapo dada aliyekaa karibu anamtazama tu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti; huyu wetu alijilaza kaburini dakika tano, akatoka, akaanza kuwasimulia maiti jinsi kulivyo giza.

Hata hivyo siidharau ile dakika tano. Kuna kitu kimoja anachokipata mwanamume pale ambacho hakipati penginepo: anakutana na wanaume wenzake kutoka upande asiouzoea. Maneno yaleyale aliyowahi kuyaona kama utani, sasa yanamjia yeye. Akiwa mwepesi wa kuelewa, anajifunza habari za wanaume. Tofauti yake na mwanamke halisi ni kwamba akichoka anafungua mhusika mwingine, na mambo yanatulia papo hapo. Kwa dada yetu, ule utulivu ndio anaoununua kwa kuchagua mhusika wa kiume.

Mwezi Novemba 2002 Microsoft ilizindua Xbox Live, na hedifoni yenye maiki ikawa sehemu ya mchezo. Kabla ya hapo ungeweza kuchagua jina, sura, jinsia, vyote kwa vidole. Baada ya hapo koo lako linakutangulia. Unaweza kuwa umemchagua askari wa kiume mwenye kovu usoni, lakini ukisema "adui yupo kushoto" kwa sauti ya kike, kila kitu ulichochagua kimefutika.

Mwaka 2013 Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walichapisha jaribio rahisi kabisa. Waliingia kwenye mechi za Halo 3 wakiwa na sauti zilizorekodiwa mapema. Mechi nyingine walitumia sauti ya kiume, nyingine ya kike, nyingine walikaa kimya. Maneno yaliyorekodiwa yalikuwa yaleyale, ya kawaida, ya kirafiki. Sauti ya kike ilijibiwa kwa maneno mabaya mara tatu zaidi ya sauti ya kiume au ya ukimya. Maneno yaleyale, gemu ileile. Kilichobadilika ni koo.

Mwaka 2015 Michael Kasumovic, pamoja na huyo Kuznekoff, walirudi kwenye data ile kuangalia matusi yanatoka kwa nani. Waliokuwa wakicheza vibaya ndio waliomshambulia zaidi mwenye sauti ya kike. Wachezaji hodari walikuwa na maneno mazuri zaidi kwake. Sitaongeza neno hapo. Kila mmoja ajipime na alama zake.

Ndiyo maana ule mgawo wa asilimia 23 na asilimia 7 mimi siuoni kama mizani ya udadisi, kwamba wanaume ni wadadisi mara tatu kuliko wanawake. Anayebadili kwa kujifurahisha anabadili mhusika. Anayejificha ana njia nyingi zaidi, na nyingine hazionekani kwenye takwimu ya wahusika: anachagua jina lisilo na jinsia, anazima maiki, anaandika badala ya kusema, anatumia programu ya kubadili sauti, anacheza na marafiki tu, au anaacha gemu ya timu na kuhamia gemu ya mtu mmoja. Dada aliyezima maiki hahesabiwi kama aliyebadili jinsia. Lakini kila mtu kwenye timu ile anamchukulia kuwa mwanamume, na yeye amewaacha waamini hivyo, kwa sababu anataka kucheza.

Tena analipa gharama. Kwenye gemu ya timu maiki ni silaha. Asiyesema haonyi, haombi msaada, hapangi shambulio. Anashindwa mechi ambazo angeshinda, kisha watu wanasema wanawake hawawezi. Mzunguko huo unanikera kuliko jambo lolote katika mada hii, na nakiri nimeupa nafasi kubwa makusudi.

Kuna studio moja iliyowahi kuondoa uchaguzi kabisa. Gemu ya Rust, ya studio ya Facepunch, inakuamsha ufukweni uchi na jiwe mkononi. Mwanzoni wahusika wote walikuwa wanaume. Mwaka 2016 wakaongeza wanawake, lakini hawakumuuliza mtu: mwili wako uliamuliwa kwa bahati nasibu kutokana na namba ya akaunti yako ya Steam, duka la gemu la mtandaoni, na huwezi kuubadilisha. Garry Newman, mwenye studio, alishikilia msimamo huo hadharani. Wanaume kadhaa waliamka wanawake wakapiga kelele kubwa kwamba hawajisikii kuwa wao.

Binafsi nina mawazo mawili juu ya uamuzi ule, na sijaweza kuyapatanisha. Kwanza nilifurahi, maana lile lalamiko la "huyu si mimi" ndilo ambalo wasichana waliishi nalo toka enzi za yule fundi bomba, na hakuna aliyeliandikia barua. Pili, nikamkumbuka yule mtu mwenye jambo la ndani niliyewatajia, ambaye mwili asiouchagua ni habari ya kila siku, anayefungua gemu ili apumzike nayo kidogo. Kumpa bahati nasibu tena huko si kumtendea wema. Kama somo kwa wengi, lilikuwa zuri. Kama kanuni ya gemu zote, nisingeipenda.

Sasa niwajibu walionitumia swali kabla ya mkutano: je, ni uongo? Mwanamume akicheza mwanamke mtandaoni, anawadanganya wenzake? Jibu langu ni kwamba mhusika si cheti cha kuzaliwa. Hakuna anayedhani kwamba mimi kweli nina upinde wa moto. Uongo unaanza pale mtu mwingine anapoanza kuweka kitu chake halisi juu ya mhusika wako, nawe unaona, nawe unamwacha aendelee. Akikupa upanga kwa sababu timu inauhitaji, chukua. Akikupa kwa sababu anakuona binti na anatumaini, mwambie, "kaka, mimi ni mwanamume, upanga bado unautaka?" Wengi watacheka, na baadhi watakuachia upanga. Akianza kusimulia upweke wake usiku wa manane, au akataka kutuma pesa, huo si mchezo tena, na kuchelewa kumwambia ni kumwibia. Huo ndio mpaka wangu. Kwa mwanamke anayejificha nyuma ya sauti nzito, sioni deni lolote. Hajachukua kitu cha mtu. Amejiepusha na matusi.

Wazazi, kwenu nina maneno machache. Mwanao wa kiume akichagua msichana kwenye gemu, uwezekano mkubwa ni kwamba msichana yule anaruka vizuri zaidi. Mwaka 1988, katika Super Mario Bros. 2 iliyotoka Marekani, binti mfalme aliweza kuelea hewani, na watoto waliotaka kushinda walimchagua yeye. Walikuwa wanapiga hesabu. Ukitaka kujua mtoto anafanya nini huko, keti naye ucheze. Muulize ni nani anazungumza naye. Hilo lina uzito kuliko nguo za mhusika.

Na nyinyi mliokaa nyuma, watengenezaji. Kitu anachokikuta mchezaji kabla hajagusa kitufe kina nguvu kuliko mnavyofikiri. Katika enzi za mwanzo za Mass Effect, BioWare, waliotengeneza gemu hiyo, walisema ni asilimia 18 tu ya wachezaji waliocheza na Shepard wa kike. Haikuwa ajabu: Shepard wa kiume ndiye aliyekuwa kwenye boksi, kwenye matangazo, kwenye kila picha. Mwaka 2012 toleo la tatu likampa Shepard wa kike sura yake rasmi na upande wake wa jalada la kugeuzwa. Mwaka 2021 mkusanyo mpya ulipotoka, ukiwa umeitumia sura hiyo toka gemu ya kwanza, idadi ikawa asilimia 32. Siwezi kusema ongezeko lote limetokana na jalada. Miaka imepita na wachezaji wamebadilika. Lakini mkiniambia kwamba wachezaji hawamtaki mhusika wa kike, nitawauliza kwanza mlimweka wapi.

Lingine ni kuvitenganisha vitu. Cyberpunk 2077 ya mwaka 2020 ilimruhusu mchezaji kuchagua mwili peke yake na sauti peke yake. Ni hatua ndogo, na ina kasoro zake, lakini inaonyesha kwamba ile orodha ya vitu viwili, mwanamume au mwanamke, kila kimoja na kifurushi chake kilichofungwa, ilikuwa uamuzi wa mtu ofisini. Na tafadhali, deraya ya mwanamke ifunike tumbo. Mishale haichagui.

Namalizia na kaka zangu, kwa ombi la vitendo. Gemu nyingi za timu zina njia ya kumripoti anayetukana, mara nyingi imefichwa ndani ya menyu ambayo hamjawahi kuifungua. Ifungueni leo mkifika kwenye mashine zenu, mjue ilipo kabla hamjaihitaji. Dada anaposhambuliwa kwenye mechi anafanya kazi mbili, anacheza na anatukanwa, hana mkono wa tatu wa kutafuta menyu. Wewe uliyenyamaza unao. Mripoti yule mtu, kisha washa maiki umwambie anyamaze tumalize mechi. Utafiti umekwisha kutuonyesha kwamba sauti yako wewe haishambuliwi kiasi hicho, kwa hiyo kuitumia hakukugharimu kitu.

Mwenyekiti, muda wangu nimeula wote. Maswali yaanze, na naomba maiki ianzie upande wa dada zetu.